Neno Alilosikia Limi

Ukitaka kumwona mtu mpweke mjini Shinyanga, usihangaike kumtafuta chumbani alikojifungia. Nenda barazani mwa duka lililofungwa, siku ya sikukuu ya watu wengine. Utamkuta ameketi hapo anajifanya ana kazi.

Limi alikuwa ameketi hapo Jumamosi ile ya mwanzo wa Septemba, mwaka tisini na tano, nyuma ya cherehani yake, akikunja upindo wa gauni ambalo mwenye nalo wala hakuwa na haraka. Duka la vitambaa la Mama Sanket, ambalo baraza yake ndiyo iliyokuwa karakana ya Limi tangu alipokuja mjini kutoka Samuye, lilikuwa limefungwa. Upepo wa kiangazi ulisukuma vumbi na nyuzinyuzi za pamba barabarani. Ng'ambo ya barabara, mlango wa hekalu la Wahindu ulikuwa umetundikwa maua ya njano, na ndani yake watu wachache waliobaki walikuwa wakiimba.

Leo ilikuwa siku ya kuzaliwa Rani.

Limi alimfahamu Rani vizuri. Alikuwa bibi mdogo wa marumaru, kimo chake kama cha mtoto anayejifunza kutembea, asimamaye siku zote kando ya Krishna, yule mungu mwenye filimbi. Kila sikukuu ilipokaribia, Mama Sanket alileta hariri na utepe wa dhahabu, akaleta na uzi aliompimia Rani kiunoni, na Limi akashona sketi, blauzi na mtandio. Hakuwahi kumgusa. Alimwona kwa mbali tu, akiwa amevua ndala pale ngazini, kisha akarudi kazini akijisifu kimoyomoyo kwamba mji mzima hakuna binti wa Kihindi aliyevaa akapendeza kama yule.

Na nyimbo zao alizijua pia. Ukifanya kazi mtaa ule utazijua, utake usitake. Mmoja anatangulia kwa kuimba jina la mungu, wengine wanaitikia, anatangulia tena, wanaitikia tena, taratibu kwanza, halafu mbio, mpaka visahani vya shaba vinalia kama mvua juu ya bati. Limi hakujua Kigujarati hata cha kuombea maji, lakini neno moja alilishika mapema kwa sababu alikuwa nalo tangu kwao. Radhi. Radhi, radhi, waliimba, na yeye, pini zikiwa mdomoni, aliwaza kwamba kumbe hata Wahindu na maduka yao yote wanamsihi Mungu awawie radhi. Alianza kuwapenda kwa ajili ya neno hilo.

Ndilo neno Sanket alilomwachia.

Hapo ndipo penye kidonda, msomaji, na hatuna sababu ya kupazunguka. Limi alimpenda Sanket, mtoto pekee wa kiume wa Mama Sanket. Alianza kumpenda kwa vitu vidogo vya kazi, kupokezana mkasi, kuchaguliana vifungo, kijana kuja kukaa kwenye ngazi ya baraza jioni akauliza habari za Samuye utadhani ana ng'ombe huko. Sanket naye alimpenda. Kila mwenye macho mtaani alijua, na Mama Sanket alikuwa na macho mawili mazima. Mwezi wa tano akaamua kwamba mwanawe aende Bugarama, akafungue duka la sululu na makarai kwa wachimbaji wa dhahabu.

Siku ya safari Sanket alikuwa juu ya pikapu, mama yake amesimama chini akikagua kamba za mizigo. Kijana akageuka, akamtazama Limi pale barazani, akaweka mkono kifuani. Akasema neno lile lile, mara mbili. Radhi, radhi. Halafu gari likaondoka.

Limi alielewa. Mwanamume anayekuomba radhi akiwa juu ya gari amekwisha ondoka kabla gari halijawaka. Akainamisha kichwa kumwambia, nimekuwia radhi, nenda salama. Aliporudi kuketi, kitambaa kilichokuwa mbele yake hakukiona.

Tangu hapo hakusikia kitu. Watu wa Bugarama waliopita walisema Sanket ni mzima, amekonda, basi. Nao moyo, jamani, una mahali unapochoka. Mabula wa Samuye, mfugaji aliyefiwa na mkewe, mtu mpole asiye na baya, alipotuma wazee kwa baba yake Limi, Mzee Magesa, na Mzee Magesa alipomwita bintiye kumuuliza, Limi alisema sawa. Alisema kwa sauti ya mtu anayeulizwa kama atakunywa chai. Kesho Jumapili ng'ombe wa mahari wangeingia zizini kwa baba yake, na wakishaingia, mwanamke hana tena la kusema.

Alikuwa anakata uzi kwa meno pikapu iliposimama. Alilijua lile gari kwa mlio wake. Hakuinua uso. Alisikia mlango ukifungwa, akasikia viatu, akangoja viatu viende ng'ambo kwenye wimbo. Viatu vikapanda ngazi ya baraza.

"Hodi, fundi."

"Karibu. Duka limefungwa. Mama yuko hekaluni."

"Sikuja dukani."

"Basi umepotea."

"Limi, nitazame."

"Nikikutazama nitapata nini?"

Lakini alimtazama, nani angeweza asimtazame. Alikuwa amekonda kweli, udongo mwekundu wa Bugarama umemkaa kwenye kola na kwenye nyusi, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeendesha gari tangu alfajiri akiwa na swali moja. Limi aliona jinsi anavyompenda bado, akakasirika.

"Nimekutana na Bartholomeo pale stendi, dereva wa gari la Samuye," alisema Sanket. "Anasema kesho kuna ng'ombe wanakuja kwenu. Nikamwambia amechanganya nyumba."

"Hajachanganya."

"Ng'ombe wa nani?"

"Wa Mabula."

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Ulikubali kuningoja, Limi."

"Nilikubali lini? Mbele ya nani?"

"Mbele ya mama yangu mzazi. Nilikuambia, ukainamisha kichwa. Miezi yote hii nalala kwenye banda la bati, nakula ugali na mchicha na watu nisiowajua, wananicheka kwamba Mhindi gani huyu hana hata redio. Nasema moyoni, wacheke, mimi nina mtu Shinyanga ameniinamishia kichwa."

"Uliniomba radhi, Sanket. Nikakuwia. Kwetu ndivyo watu wanavyoachana bila kutukanana."

"Nilikuomba nini?"

"Radhi. Radhi, radhi, mkono kifuani. Usinifanye kiziwi, nilikuwa hapa hapa."

Ng'ambo wimbo ulikuwa umefika pale unapoanza kukaza mwendo, sauti moja nyembamba ya kike ikitangulia na nyingine chache zikifuata, na neno likavuka barabara likawafikia wote wawili kwa pamoja.

"Hilo?" aliuliza Sanket kwa sauti ndogo. "Hilo wanaloimba?"

"Hilo."

"Hawasemi radhi. Wanasema Radhe."

"Tofauti iko wapi?"

"Ni jina la mtu. Jina la Rani. Rani ni heshima tu, kama unavyosema malkia. Mwenyewe anaitwa Radha, na tukimwita tunasema Radhe. Ndiye mpenzi wa Krishna." Akaonyesha pale pikapu ilipokuwa imesimama siku ile. "Mama alikuwa pale chini, ningesema nini kingine? Nikakuita wewe jina hilo, yeye asikie sala tu, wewe usikie kwamba u mpenzi wangu, uningoje. Nilidhani unalijua. Unamshonea nguo, unasikia wanavyomwita kila wiki. Nilidhani hakuna mtu mjini anayelijua kama wewe."

Limi alijaribu kulitamka kimya kimya, mara linaishia hivi, mara linaishia vile, na ulimi wake uliozoea Kisukuma haukuona sababu ya ugomvi. Kumbe ni sauti ya mwisho tu. Kwa ajili ya sauti ya mwisho tu alikuwa amelia akiwa amejifunika kanga kichwani ili mwenye nyumba asisikie, akawasusia watu wa mtaa, akamwambia baba yake sawa. Furaha ilimjia na uchungu ukiwa umeishika mkono, akashindwa kuvitenganisha.

"Kwa hiyo hukuniacha," alisema.

"Ningekuacha niende wapi?"

"Bugarama."

Wakacheka wote, kicheko kifupi, wakaacha kwa pamoja. Sanket akaketi kwenye ngazi, mahali pake pa zamani, na kwa kitambo kidogo ilikuwa kana kwamba mwezi wa tano haujawahi kuja.

"Nieleze habari zake," alisema Limi. "Huyo uliyeniita jina lake. Krishna alimwoa?"

Sanket alichelewa kujibu, na Limi, ambaye kazi yake ilikuwa kuona mshono unapokwenda upande, akaona.

"Walikuwa kijiji kimoja," alisema. "Walipendana sana. Halafu Krishna akaitwa mjini, kwenye kazi kubwa. Akaenda."

"Akarudi lini?"

"Hakurudi."

"Na Radha?"

"Alibaki anamwita. Ndiyo maana nyimbo zetu nyingi ni za kuita. Lakini sikiliza, jina lake ndilo linalotangulia, hata leo. Hatusemi Krishna na Radha. Ni Radha kwanza, ndipo Krishna. Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo."

"Na nyumbani kwa Krishna alikaa nani?"

"Wake zake," alikiri Sanket. "Alioa wengine."

"Ahaa." Limi alilikunja lile gauni vizuri, akaliweka juu ya meza ya cherehani. "Basi ulinitafutia jina la mwanamke aliyeachwa, ukadhani umenipamba. Sanket, mimi sitaki kutangulia kwenye wimbo. Nataka nyumba. Nataka unikute jikoni nimekasirika kwa sababu umesahau chumvi."

"Hicho ndicho nilichokijia."

"Basi usingoje kesho ukakikute kwa Mabula. Mama yako yuko pale. Inuka ukamwambie."

Sanket akatazama ng'ambo. Limi alimwona akitazama, akaona na kile alichokiona yeye: mlango ulio wazi, viatu vichache mno ngazini.

"Unajua zamani walikuwa wanajaa mpaka huku nje?" alisema Sanket. "Sasa wamekwenda, wengine Mwanza, wengine Dar, wengine Uingereza. Mama anatangulia kuimba na wanaomwitikia ni hao unaowasikia. Sikukuu ya Diwali wanakuja wazazi wa Pooja, wa Mwanza. Mama amekwisha waita."

"Pooja ndiye nani?"

"Msichana. Anajua nyimbo zote."

"Hiyo ndiyo sifa yake?"

"Kwa mama ndiyo ya kwanza."

"Na kwako?"

Hapo Sanket alisimama, na namtendea haki kwa kusema kwamba alisimama kama mwanamume. Akamnyooshea mkono. Hawakuwahi kushikana mikono mchana, mbele za watu. Kiganja chake kilikuwa kigumu, kimeota sugu za Bugarama, na Limi aliufuata mkono ule kuvuka barabara bila kuona mtu wala baiskeli, huku moyo ukimwenda mbio kuliko vile visahani vya shaba. Muuza nyanya wa pembeni alisahau kufunga mdomo. Ngazini wakavua viatu. Wakasimama kizingitini.

Ndani mlinukia udi na samli. Rani alikuwa ameng'ara katika hariri ya kijani aliyoshona Limi. Chini yake, kwenye mkeka, Mama Sanket aliketi na kinanda chake cha mkono, sari yake nyeupe ya ujane imefunika kichwa, na nyuma yake wazee wachache na Sneha, dada yake Sanket, mwenye visahani vya shaba. Mama Sanket alimwona mwanawe, uso ukachanua. Kisha akaona mikono. Vidole vikasimama juu ya kinanda, na wimbo ukafa.

"Shikamoo, Mama," alisema Limi.

"Marahaba." Mama Sanket alimtazama mwanawe tena. Kwa kawaida wangesema Kigujarati, lakini leo alisema Kiswahili, ili Limi naye asikie. "Umefika vizuri, Sanket?"

"Nimefika, Ba," alisema Sanket, akimwita mama kwa lugha yao. "Nataka kumwoa Limi. Naomba radhi yako."

Mzee mmoja alikohoa.

"Radhi sina," alisema Mama Sanket. Hakupandisha sauti. "Sitakulaani, wewe ni mtoto wangu. Lakini radhi ya jambo hili sina, nikikupa nitakuwa nimekudanganya. Nilipoletwa bibi harusi mji huu, humu ndani hapakuwa na pa kukanyaga. Tazama leo. Ukimleta huyu, watu wa Pooja hawatakuja, na hawa nao watoto wao watawaita waende. Nitabaki na Rani."

"Mama," alisema Limi, "nyimbo nazijua. Naweza kuitikia."

"Unajua tunasema nini?"

"Nilidhani mnaomba radhi."

Alitegemea watacheka. Hakuna aliyecheka. Mama Sanket alimtazama kwa muda, na machoni mwake hapakuwa na dharau, na hilo ndilo lililomvunja Limi nguvu. Angalau dharau angejua pa kuiweka.

"Wewe ni binti mzuri," alisema yule mama. "Mikono yako imemvika Rani kuliko mikono yetu. Kosa si lako. Lakini mimi nataka wa kuniitikia awe wa nyumba yangu, aliyezaliwa na nyimbo hizi, wa kuniimbia hata siku nitakapokuwa nimelala sisikii. Nani atafanya hivyo?"

"Mimi, Ba," alisema Sanket. "Lakini mkono huu siuachii."

Mama Sanket aliwageuzia mgongo, akawaelekea Rani na Krishna, akavuta kinanda, akaimba ule mstari wa kutangulia.

Kisha akangoja kuitikiwa.

Hakuna aliyeitikia. Wazee walikuwa wanatazama mlangoni. Sneha alikuwa ameshika visahani kifuani asivigonge. Mama Sanket aliimba tena mstari ule ule, shingo imenyooka, na katikati ya jina sauti ikampasuka kidogo. Akangoja tena. Kinanda kilikuwa kinatoa pumzi tu.

Limi aliujua upweke ule. Alikuwa ameukalia barazani miezi yote, na laiti angeukuta kwa mtu mwingine yeyote, angekwenda akamkumbatia. Alihisi vidole vya Sanket. Havikumwachia. Vililegea tu, kama vinavyolegea vya mtu anayesinzia, mwenyewe hana habari. Akageuka kumtazama. Macho ya Sanket yalikuwa kwenye mgongo wa mama yake, na midomo ilikuwa ikitikisika.

Mama Sanket akaimba kwa mara nyingine.

Na Sanket akaitikia. Alikuwa na sauti nzuri, nzito, iliyolelewa humo humo. Ilijaa nyumba nzima. Mgongo wa mama yake ulishuka, akavuta pumzi, akaupandisha wimbo, na wazee wakaingia mmoja mmoja nyuma ya sauti ya kijana.

Limi akautoa mkono wake mwenyewe, polepole, isije siku moja ikasemwa kwamba Sanket ndiye aliyeuachia. Sanket alishtuka, akautazama mkono wake mtupu, akamtazama Limi kwa macho yaliyojaa maji. Lakini wimbo ulikuwa mdomoni mwake, na mama yake alikuwa amekwisha tangulia tena, akingoja.

Nje jua lilikuwa kali. Sneha alimfuata mbio ngazini, visahani bado mkononi.

"Dada Limi, unakwenda wapi?"

"Samuye. Nikamwambie baba kesho asiwafungulie zizi wale ng'ombe. Mabula ni mtu mzuri, hastahili kupewa mtu aliyebaki nusu."

Uso wa Sneha ulichangamka. "Kumbe utamngoja kaka."

Limi alivaa ndala ya kulia, akaitafuta ya kushoto kwa mguu katikati ya viatu vya watu.

"Hapana, Sneha," alisema. "Simngoji mtu."

Akaipata, akaivaa, akavuka barabara kwenda kufunika cherehani kabla gari la Bartholomeo halijaondoka.